Kabla hujaomba kutangazwa muflisi: majibu ya barua zenu

Barua za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura nyingi: madeni yamenizidi, niende mahakamani kuomba nitangazwe muflisi? Sheria ya ufilisi hutofautiana nchi kwa nchi, hivyo nchi ninazozitaja ni mifano. Ya kwako kaithibitishe kwa wakili au kwa ofisi ya serikali inayosimamia ufilisi.

Nikitangazwa muflisi, madeni yangu yote yanafutika?

Si yote. Hufutika hasa yale yasiyo na dhamana, yaani ambayo hukuweka mali yoyote rehani: kadi za mkopo, mkopo wa kawaida wa benki, bili za hospitali. Matunzo ya watoto hubaki, faini za mahakama ya jinai hubaki, na deni ulilolipata kwa udanganyifu hubaki. Mkopo wa elimu ya juu wa serikali haufutiki kwa ufilisi nchini Uingereza. Marekani ni lazima umthibitishie jaji kwamba kuulipa kutakutesa kupita kiasi. Na kama nyumba imewekwa rehani, benki haipotezi haki yake juu ya nyumba hiyo. Usipolipa, itauzwa.

Kwa hiyo, kabla ya lolote, chukua karatasi uigawe mara mbili: upande huu madeni yatakayofutika, upande ule yatakayobaki. Ukiona mzigo mkubwa uko upande wa pili, ufilisi hautakusaidia.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu itachukuliwa?

Kwa kawaida hapana. Sheria nyingi humwachia muflisi nguo, matandiko, vyombo vya nyumbani na zana za kazi inayomlisha. Kinachotazamwa ni thamani: zana ya bei kubwa sana inaweza kuuzwa ukanunuliwa ya kawaida.

Nina kiwanja kimoja. Nimhamishie kaka yangu kwanza, anirudishie mambo yakitulia?

Usifanye hivyo, nakuomba. Barua hii ndiyo iliyonikosesha usingizi, kwa sababu anayeuliza si mwizi. Ni mzazi anayetaka watoto wabakiwe na kitu. Lakini mfilisi, yaani mtu anayekabidhiwa mali yako, huanza kazi kwa kufukua ya nyuma. Atataka taarifa za benki na hati za mauziano, atafute kila kilichotoka mkononi mwako bure au kwa bei ya kutupa. England na Wales anaweza kurudi nyuma hadi miaka 5. Marekani sheria ya shirikisho inampa miaka 2, na sheria za majimbo mara nyingi humwongezea. Kiwanja kitarudishwa, kaka yako ataingizwa kwenye kesi, na wewe unaweza kunyimwa msamaha wa madeni au hata kushtakiwa, maana orodha ya mali unayoiwasilisha unathibitisha kwamba ni ya kweli.

Wako pia wanaojitahidi kumlipa mama au shangazi kwanza, benki isubiri. Ninaelewa kabisa moyo huo. Ila wadai wa daraja moja wanatakiwa kugawana kwa uwiano, na Marekani malipo uliyompa ndugu wa karibu ndani ya mwaka mmoja kabla ya kufungua shauri yanaweza kudaiwa kutoka kwake. Mfikirie mama mzee akiletewa barua ya kurudisha fedha alizokwisha kununulia dawa.

Shemeji alinidhamini benki. Na yeye atakuwa salama?

La. Msamaha ni wako peke yako. Sahihi yake iko pale pale. Benki ikikukosa itamgeukia yeye, na inaweza kumdai deni zima. Njia moja ya Marekani, Sura ya 13, ambapo mdaiwa hulipa kwa mpango wa miaka 3 hadi 5, humkinga mdhamini wa deni la matumizi ya nyumbani wakati mpango unaendelea, lakini kinga ya namna hiyo si ya kuitegemea kila mahali.

Mwambie kabla ya kufungua shauri. Akijua mapema anaweza kwenda benki mwenyewe kupanga malipo ya awamu. Akija kujulia kwenye barua ya madai, mtapoteza fedha na undugu kwa pamoja.

Wakusanya madeni wananipigia simu mpaka usiku. Wataacha?

Marekani zuio huanza saa ileile unapofungua shauri: simu, barua, kesi na makato ya mshahara kwa madeni mengi husimama. Katika baadhi ya nchi nyingine huanza baada ya amri kutolewa. Mdai uliyemwekea mali rehani anaweza bado kuifuata mali hiyo.

Nitabaki muflisi maisha yangu yote?

Hapana. England na Wales kwa kawaida ni miezi 12. Kenya, chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, ni miaka 3 tangu uwasilishe maelezo ya mali na madeni yako, kama hakuna pingamizi. Kumbukumbu ya mikopo hukaa zaidi: miaka 6 Uingereza, hadi 10 Marekani. Katika kipindi chenyewe kuna vizuizi. Katiba ya Kenya, kwa mfano, haimruhusu muflisi ambaye hajaachiliwa kugombea ubunge.

Hakuna njia nyepesi zaidi?

Mara nyingi ipo, na inanisikitisha kwamba watu huisikia mwishoni. Kenya ina utaratibu wa mtu asiye na mali, kwa madeni ya kati ya shilingi 100,000 na 400,000. England na Wales kuna amri ya nafuu ya deni, ambayo tangu 2024 inafika hadi paundi 50,000 na haina ada. Pia unaweza kuwapa wadai pendekezo la maandishi la malipo ya awamu. Taja tu kiasi unachokiweza hata katika mwezi mbaya.

Nina bahasha ambazo sijazifungua tangu mwaka jana. Nianzie wapi?

Nilishakaa na mtu aliyekuja na mfuko mzima wa bahasha hizo. Mikono ilimtetemeka kwenye ile ya kwanza. Kufikia ya kumi alikuwa anazichana haraka. Fanya hivyo leo, pamoja na mtu unayemwamini. Tafuta kwanza zenye muhuri wa mahakama, kwa kuwa hizo zina tarehe ya mwisho ya kujibu. Zilizobaki zipange kwa mdai, barua mpya juu, uandike jina, kiasi na tarehe. Karatasi hiyo ndiyo wakili atakayoiomba mkikutana.