Jibu: Shughuli za mjini Kisumu kwa baiskeli

Ndugu, umeuliza kama mtu anayeishi Kondele anaweza kumaliza benki, samaki na soko kwa baiskeli siku moja, bila kupanda boda. Anaweza kabisa. Mimi hufanya hivyo karibu kila Jumamosi.

Cha kufikiria kwanza ni mlima. Kutoka Kondele hadi mjini unateremka kuelekea ziwani, kwa hiyo kurudi ndiko kupanda, tena ukiwa na mzigo na jua la saa saba kisogoni. Toka mapema, ufike benki inapofunguliwa. Kisha shuka Dunga, ufuoni mwa ziwa, uchukue samaki, na soko la Kibuye liwe la mwisho kwa sababu liko njiani kurudi. Viazi na nyanya za nini kuzizungusha mji mzima? Jumapili Kibuye hufurika, baiskeli utaisukuma tu.

Mzigo ufunge kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu, kizito kikae chini. Na breki, nakuomba sana, zikague kabla ya kutoka, maana matatu husimama ghafla kushusha abiria. Kufuli usisahau.