Jibu: Mwenzangu ofisini anashusha kiyoyozi hadi nyuzi 16, nifanyeje?

Pole sana, dada. Kwanza mweleze huyo mwenzako kwamba kuweka 16 hakuharakishi ubaridi. Kiyoyozi cha kawaida hupoza kwa kasi ileile, ila hakipumziki. Wekeni 24. Na Nairobi hii, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, mwezi wa Julai kinawashwa cha nini? Fungueni madirisha.

Kwetu ugomvi uliisha tulipohamisha watu. Mama mmoja alikaa chini ya tundu la upepo, leso mabegani kutwa nzima, vidole vimekufa ganzi. Kumbe aliyekuwa akilalamikia joto alikaa dirishani, jua la alasiri likimchoma mgongo. Wakabadilishana meza. Tazama wako anakaa wapi kabla hujampeleka kwa meneja.