Maswali ya macho: muache kukimbilia deksametazone

*Jani ya mahindi ilipiga bwana yangu mu jicho. Farmasi ilimupatia kolire ya deksametazone, siku mbili akasikia muzuri, sasa kuko alama nyeupe na maumivu imezidi. Tununue chupa ya pili? (Mama, Kabare)*

Hapana mama, musinunue, mumupeleke kwa docta wa macho leo leo na mubebe ile chupa aione. Jani inachubua kornea, ile kioo ya mbele ya jicho, na shampinyo (kuvu) kama Fusarium na Aspergillus zinaishi ku majani na mu udongo, njo zinaingilia pale. Deksametazone ni kortizone, inapunguza wekundu juu inalalisha kinga ya jicho, mutu anazani anapona kumbe shampinyo inakula kornea bila kitu ya kuizuia. Swali hii nimeshaijibu hapa mara mingi na paka leo batu banaendelea kununua. Hata kolire ya antibiotike haiuwe shampinyo. Docta atakwangua kidogo pale pa kidonda aangalie na mikroskopi, njo atajua ni nini. Na weye wa farmasi, mutu akikuambia alipigwa na jani ao kijiti, usimuuzishie kortizone, mutume kwa docta.

*Shampinyo ya miguu inaweza kupanda mu jicho? (Bukavu)*

Ile ya miguu ni ingine, usiogope, ila nawa mikono mbele ya kugusa macho.

*Natia natamisini tangu siku tano, jicho haijapona. Nibadilishe? (Papa, Goma)*

Papa, siku tano haitoshe, natamisini ni dawa ya kuua shampinyo ya jicho, inaomba majuma, mara ingine miezi. Siku za kwanza banatia kila saa, hata usiku, na batu mingi banashindwa pale, banalala. Tena natamisini haiingie sana ndani ya kornea, njo maana docta anaweza kukwangua tena. Kuna batu banatafuta vorikonazole, dawa ingine ya shampinyo, juu ni ya bei kali, banazani njo yenye nguvu: utafiti mukubwa wa India wenye ulitoka 2013 ulionyesha natamisini inashinda, zaidi kwa Fusarium. OMS, shirika ya afya ya dunia, iliweka natamisini mu liste ya dawa za lazima 2017, lakini kuipata huku kwetu ingali kazi, na hiyo inaniuma. Rudi tu kwa docta siku alikupatia, na kama maumivu inazidi ao kuona kunapunguka, usingojee ile siku. Ikichelewa sana kornea inatoboka, na pale inabakia kubadilisha kornea.

*Mayi ya majani, maziwa ya mama, mukojo? (batu mingi)*

Hapana. Hapana. Hapana. Hiyo yote inaongezea jicho mikrobe ingine.

*Lenti za rangi za soko, ni mubaya? (dada, Bukavu)*

Dada, lenti ni vile vioo vya kubandika mu jicho: 2006 huko Marekani batu mingi balishikwa na Fusarium juu ya mayi ya kutunzia lenti, na hiyo ilikuwa ya kampuni kubwa. Zako za soko, nani alizipima? Usizisafishe na mayi ya robine, usilale nazo, na jicho ikianza kuuma uzitoshe, uende kwa docta nazo mu mukono.