Mshahara wa Mwezi, Kodi ya Miezi Sita

Swali lenu la wiki liliuliza: "Je, mshahara wa muuguzi wa ngazi ya cheti unatosha kuishi katika mji wako?"

Mhariri, swali hilo nimelisoma nikiwa zamu ya usiku, wagonjwa wawili wamelala, dripu zinadondoka taratibu, nikaanza kulijibu nyuma ya karatasi ya ripoti. Mimi ni muuguzi wa cheti. Nilisoma miaka miwili na huu ni mwaka wangu wa nne kazini, kwenye zahanati ya mtu binafsi hapa Mwanza. Wagonjwa huniita sista. Baba mwenye nyumba huniita nesi, na hilo neno kinywani mwake lina bei, nitafika huko.

Nianze na karatasi ya mshahara, kwa sababu najua wengi watawaandikia kiasi cha kwenye mkataba tu. Wangu ni shilingi 350,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanachukua asilimia 10, yaani 35,000. Inabaki 315,000. Serikali haigusi 270,000 za mwanzo, kinachozidi hapo hukatwa asilimia 8, na kwangu hiyo ni 3,600. Mkononi nashika 311,400. Kwa hiyo ninyi mnaolalamika kwamba kodi ya serikali ndiyo inawamaliza wauguzi, mimi siwaungi mkono. Kodi inayonimaliza ni ya nyumba.

Chakula nacho sikilaumu sana. Watu wa mikoa mingine hudhani Mwanza samaki huokotwa ufukweni. Sangara mzuri huenda kiwandani, minofu yake inapanda ndege, sisi tunabaki na mapanki, yale mabaki ya samaki yaliyotolewa minofu, na mapanki ukiyachemsha vizuri kwa nyanya na ndimu hayana ubaya wowote. Dagaa ndio mkombozi, ila wana kalenda yao. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa mitumbwi inapumzika na fungu pale soko la Mwaloni Kirumba linakuwa dogo kwa bei ileile. Kwa hiyo mfuko wangu unafuata miezi miwili, wa kwenye kalenda na wa angani, na ikitokea mbalamwezi imeangukia tarehe ishirini na kitu kabla mshahara haujatoka, tunakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Michembe naletewa na rafiki niliyesoma naye, yuko zahanati ya serikali kijijini Sengerema, anaishi nyumba ya watumishi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 19, 2025, anakuja mjini siku zake za mapumziko bila kusubiri kivuko, na kila akija hunikuta nimechoka kuliko yeye, ingawa ndiye mwenye wagonjwa wengi.

Kwa siku natumia kama 4,000 kwa chakula cha watu watatu: mimi, mwanangu, na binti wa shangazi yangu kutoka Magu anayekaa na mtoto. Huyo binti nampa 50,000 kwa mwezi. Ni kidogo, yeye anajua, mimi najua, hatulizungumzi.

Sasa nyumba. Mwanza, kwa asiyeijua, ni mji wa mawe. Vyumba vya bei nafuu vilivyo karibu na mjini viko juu ya vilima, katikati ya majabali, huko Bugarika, Mabatini na kwingineko. Miaka miwili ya kwanza niliishi huko juu. Chumba 40,000. Kazini nilishuka kwa miguu, nauli sifuri. Maji ndiyo yalikuwa kazi: bomba liko bondeni, vijana wanapandisha dumu kwa 300, na mimi kwa siku nilimaliza madumu manne, yaani 36,000 kwa mwezi. Jumla 76,000 na mapaja ya chuma.

Nilipopata mimba nikahamia Buhongwa, kwenye tambarare. Chumba na sebule ndogo, 60,000, bomba uani. Kwenda na kurudi kwa daladala ni 1,400, siku ishirini na nne, 33,600. Lakini zamu ya jioni kwa karatasi inaisha saa mbili usiku, na kwa kweli inaisha ukishamaliza kukabidhi ripoti kwa anayeingia, naye mara nyingi anachelewa kwa sababu yuko kwenye daladala kama mimi. Ikifika saa nne nachukua bodaboda, 5,000. Zamu za jioni ni nane kwa mwezi. Hiyo ni 40,000 nyingine. Jumlisha na maji kama 10,000, Buhongwa inanila 143,600 badala ya 76,000 za kilimani.

Mtu atasema basi rudi kilimani. Nimeliwaza sana hilo. Mvua ikinyesha yale mawe huteleza kama sabuni, na mimi nilikuwa na tumbo la miezi saba. Ila kuna jambo moja la kilimani ninalolikumbuka kuliko nauli: yule mama mwenye nyumba alipokea kodi kila mwezi. Mwezi mwingine alipokea nusu, nusu nyingine baada ya wiki mbili. Huku tambarare kodi ni ya miezi sita, taslimu, kabla hujaingiza godoro. Sita mara 60,000 ni 360,000. Mshahara wangu wote unaofika mkononi haufikii hapo.

Ndiyo maana swali lenu naliona limepinda kidogo. Mnauliza kama mshahara unatosha, kana kwamba mji unadai kwa mwezi. Mji unadai kwa siku, dagaa, nauli, mkaa, au unadai kwa nusu mwaka. Kwa mwezi analipa mwajiri peke yake. Muuguzi wa serikali akibanwa anakwenda benki na karatasi yake ya mshahara, anakopeshwa. Mimi na mkataba wangu wa mwaka mmoja mmoja, benki hunisikiliza kwa adabu, kisha hunirudisha nyumbani. Wanaonikubali haraka ni wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, na mwenzetu mmoja aliyeingia huko kwa ajili ya kodi, leo mwaka wa pili, bado hajatoka.

Tulichofanya kazini ni upatu. Tuko sita, kila mmoja anatoa 60,000 kila mwezi, jumla 360,000, anachukua mmoja. Hatukupiga kura ya namba. Tulipanga zamu kwa mwezi ambao kodi ya kila mmoja inaisha. Wawili waligongana Januari, mmoja akaenda kumpigia magoti mwenye nyumba asogeze hadi Februari, na kwa bahati alikubali. Mimi zamu zangu ni Machi na Septemba. Nimefanya kazi chini ya wakubwa kadhaa na sijawahi kuona ratiba ya zamu iliyopangwa kwa akili kama ile.

Pigeni hesabu wenyewe: upatu 60,000, binti 50,000, nauli na bodaboda 73,600, chakula 120,000. Inakuwa 303,600. Inabaki 7,800 ya mkaa, umeme, sabuni, maji na homa ya mtoto. Haiwezekani, bila shaka. Inawezekana kwa sababu usiku sita hivi kwa mwezi nafanya kibarua kwenye zahanati nyingine, 10,000 kwa usiku. Jibu la swali lenu basi ni kwamba mshahara mmoja hautoshi, na mtu anayekuchoma sindano saa kumi na moja alfajiri inawezekana hajalala tangu jana. Hilo ningependa wenye zahanati walifikirie zaidi kuliko wagonjwa, maana wagonjwa hawana la kufanya.

Nilisema nitarudi kwenye neno nesi. Mei Mosi 2025, Rais Samia alitangaza kule Singida kwamba kima cha chini cha mshahara serikalini kinapanda kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Nilifurahi kwa ajili ya rafiki yangu wa Sengerema. Mimi sikuguswa, mwajiri wangu si serikali. Baba mwenye nyumba naye ana redio. Jumapili iliyofuata aligonga mlango, akasalimia vizuri, akamshika mtoto kichwa, akasema, "Hongera nesi, mama amewakumbuka." Nikamweleza mimi ni wa binafsi. Akasema anaelewa kabisa. Kuanzia Septemba chumba ni 70,000.

Kwa hiyo Septemba natakiwa kuwa na 420,000, na upatu wetu ulishonwa kwa kipimo cha 360,000. Nilimwomba mwajiri anilipie ile miezi sita kwa mkupuo halafu anikate kidogokidogo kwenye mshahara. Kwake ni fedha ileile, inatoka mapema tu. Alisema akifanya kwangu, kesho watakuja wote. Ni kweli tungekuja wote, ndiyo ilikuwa maana yake.

Wiki iliyopita mmoja wetu sita alipata ajira ya serikali, kituo cha afya huko Ukerewe. Tulimchinjia kuku. Kuku alipoliwa ndipo mtu akakumbuka kwamba tumebaki watano, na tano mara 60,000 ni 300,000. Tunatafuta wa sita. Mlinzi wa zahanati yuko tayari, ni mtu mwaminifu na hajawahi kuchelewa kazini. Kodi yake inaisha Septemba.

Muuguzi, Buhongwa, Mwanza