Oregano na deizi kwenye beseni moja

Dada, umeuliza kwa nini oregano yako, kile kiungo cha majani yenye harufu, inageuka manjano kuanzia majani ya chini huku maua ya deizi ya beseni hilo hilo yakinawiri; mimi ningeshuku maji kabla ya mbolea. Umesema unamwagilia kila jioni, na udongo wa Embakasi, huko Nairobi, ni ule mweusi wa mfinyanzi unaoshika maji siku nyingi. Oregano asili yake ni vilima vya mawe na jua kali kando ya Mediterania. Mizizi yake ikikaa kwenye tope, inaoza.

Ichomoe taratibu uitazame. Mizizi mizima ni myeupe na migumu. Iliyooza ni ya kahawia, na ukiibana ngozi inabaki mkononi. Ukikuta hivyo, usihangaike kuiokoa. Kata vikonyo vya juu vyenye afya, urefu wa kidole, pukuchua majani ya chini, uvichomeke kwenye mchanga wenye unyevunyevu, kivulini. Vitaota mizizi baada ya wiki chache. Hamishia kwenye chungu chenye matundu, udongo mwekundu na mchanga wa mto, ukiweke juani. Usimwagilie mpaka udongo wa juu ukauke.

Samadi weka kidogo sana, tafadhali. Oregano iliyonenepeshwa hutoa majani mengi yenye harufu hafifu.

Deizi ziache hapo hapo, ila toboa beseni, na maua yakinyauka yakate ili yaje mengine. Mvua za Machi zikianza, sogeza oregano chini ya paa.