Nilichomoa antena, radi ikapita kwingine

Siku radi ilipoiua redio yangu, kebo ya antena ilikuwa imechomolewa, imelala sakafuni. Nalisema hili mapema kwa sababu wenzangu wengi wa redio ya ridhaa, yaani sisi tunaowasiliana kwa redio kwa kujifurahisha, wakisikia ngurumo huchomoa antena tu, kisha wakaenda kulala. Nami nilikuwa hivyo hivyo.

Radi yenyewe haikugusa mlingoti wangu. Ilipiga mti wa jirani kwa mlio mkavu kama wa mjeledi, taa zikazimika. Asubuhi redio haikuwaka. Nilipofungua kifuniko, harufu ya plastiki iliyoungua ikanipiga usoni. Upande wa antena ulikuwa mzima kabisa, ila kwenye tundu la kebo ya kompyuta kijistari cha shaba kilikuwa kimebanduka na kuacha alama nyeusi ya masizi. Redio ilikuwa imeungwa na kompyuta, kompyuta na ruta, na ruta na waya mrefu unaotoka nje. Umeme ukapitia huko.

Radi ya kawaida hubeba mkondo wa ampea 30,000 hivi, nao hufika kileleni ndani ya maikrosekunde (sehemu ya milioni ya sekunde) chache. Ikipiga karibu tu, huamsha umeme kwenye kila waya mrefu ulio jirani. Kinachounguza kifaa ni tofauti ya volti kati ya waya mmoja na mwingine. Ndege hutua juu ya waya wa umeme asidhurike kwa kuwa miguu yake yote miwili iko kwenye volti ile ile. Redio nayo iwekwe hivyo.

Kwa hiyo niliweka bamba moja la shaba pale nyaya zote zinapoingilia nyumbani. Kila kebo ya antena hupitia kizuia radi, kifaa kinachoupeleka umeme wa radi ardhini, kilichokazwa kwenye bamba hilo, na bamba limeshuka hadi kwenye fimbo za erthi, yaani za chuma zilizochimbiwa ardhini. Fimbo hizo zimeungwa na erthi ya umeme wa nyumba, kazi ambayo nilimwachia fundi umeme, nawe mwachie. Wapo wanaoichimbia redio fimbo yake peke yake, mbali na ile ya nyumba, wakiamini ndiyo salama zaidi. Jamani, msifanye hivyo! Radi ikishuka, kila fimbo inakuwa na volti yake, na umeme unatafuta njia kutoka moja hadi nyingine kupitia ndani ya redio yako.

Waya wa kushukia ardhini uwe mfupi na ulionyooka. Utepe mpana wa shaba ni bora zaidi. Mkondo ukipanda kwa ampea 15,000 kila maikrosekunde, mita 1 tu ya waya wa kawaida hujenga takriban volti 15,000 kati ya ncha zake. Ule waya uliobaki ukauviringisha pembeni, ukate leo.

Pamoja na hayo yote bado nachomoa. Kizuia radi hupunguza makali. Radi ikiushukia mlingoti wenyewe, usikitegemee peke yake. Lakini chomoa mapema, wingu likiwa bado mbali. Ngurumo husikika hadi kilomita 15 hivi, na ukiisikia tu, ujue radi inaweza kukufikia. Mwaka 1753, huko St. Petersburg, mwanafizikia Georg Wilhelm Richmann aliuawa na radi akichunguza umeme ulioletwa ndani na fimbo ya chuma kutoka paani. Kebo ya antena mkononi mwako ni fimbo kama ile. Ikiwa zimeshaanza kunguruma, iache redio iungue, nawe kaa mbali nayo hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Sasa kila jioni nikimaliza mawasiliano nachomoa kebo ya antena na kuikaza kwenye bamba huko nje, halafu plagi ya ukutani, kebo ya kompyuta, na ile ya mota ya kuzungushia antena. Nazihesabu kwa kidole kabla ya kuzima taa: nne.