Maswali ya Wasomaji: Lenzi ya Kampuni Moja, Kamera ya Nyingine

Barua za safari hii karibu zote zinalalamikia jambo moja: lenzi ya kampuni nyingine imefungwa kwenye kamera mpya isiyo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), na viwili hivyo havielewani. Tumejibu zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Wataalamu, habari za kazi. Nina lenzi ya 28–70 mm, yenye maunti (pete ya kufungia lenzi kwenye kamera) ya Canon EF, iliyotengenezwa na kampuni nyingine enzi za filamu. Nimeifunga kwenye kamera ya RF, maunti mpya ya Canon, kupitia adapta ya Canon yenyewe. Fokasi inashika vizuri, lakini nikibonyeza shata inakuja Err 01, kosa la mawasiliano kati ya kamera na lenzi. Nimesafisha pini mara tatu. Je, adapta ni mbovu?

Adapta iache kwanza. Weka kamera kwenye Av, ambapo wewe ndiye unayechagua apecha (tundu la lenzi la kupitishia mwanga), ifungue mpaka mwisho wake, tuseme f/2.8, upige. Halafu f/4, halafu f/5.6. Ikiwa f/2.8 inatoka salama na f/4 inaleta Err 01, jibu umeshalipata: lenzi haielewi amri ya kufunga apecha.

Maunti ya EF ilitoka mwaka 1987. Watengenezaji wengine hawakupewa lugha ambayo bodi (mwili wa kamera) na lenzi huzungumza, kwa hiyo walisikiliza mazungumzo ya kamera za wakati ule wakanakili walichokisikia. Kamera zilizokuja baadaye zikaanza kutuma amri ambazo chipu ya zamani haikuwahi kuzisikia. Fokasi hufanyika apecha ikiwa wazi, ndiyo maana hukuona tatizo hadi ulipobonyeza shata. Na kwenye f/2.8 hakuna cha kufunga, basi picha inapita. Dawa ya kweli ni kubadilishiwa chipu na aliyeitengeneza lenzi, na kwa lenzi za umri huo kwa kawaida huduma hiyo imeshafungwa. Itumie kwa picha za sura za watu ikiwa wazi, au iuze kwa mwenye kamera ya filamu, ukimweleza ukweli.

Ikigoma hata kwenye f/2.8, hapo ndipo pini zinapostahili kushukiwa. Kumbuka ukiwa na adapta una viungo viwili, si kimoja, na wengi husafisha cha lenzi tu. Zima kamera, toa betri, futa vidoti vya dhahabu kwa kitambaa laini kilicholoweshwa tone moja la alkoholi ya isopropili. Pini za upande wa bodi zina springi: zibonyeze moja moja kwa kijiti cha meno uone kama kila moja inarudi juu. Msasa usiuguse kabisa. Ule utandu wa dhahabu ni mwembamba na hautarudi.

Picha zangu za usiku zina miduara ya rangi isiyoeleweka, kama mawimbi yanayotoka katikati. Lenzi ni ya kisasa ya kampuni nyingine kwenye kamera ya Canon. Kioo cha lenzi kina kasoro?

Kioo ni kizima. Kila lenzi hujitambulisha kwa namba, na lenzi za kampuni nyingine mara nyingi huazima namba ya lenzi ya Canon. Kamera inasoma namba, inadhani ni ile lenzi ya Canon, inaangaza pembe za picha kwa vipimo visivyo vyake. Kwenye anga ya usiku ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ikiwa juu, kosa hilo linajichora wazi kama miduara. Ingia kwenye menyu ya marekebisho ya lenzi, zima la mwanga wa pembeni, la rangi za kingo na la upotoshaji, kisha piga JPEG ileile ulinganishe. Pembe zikibaki na giza, zirekebishe baadaye kwenye kompyuta kwa vipimo vya lenzi yenyewe.

Nina lenzi ya 24 mm ya kuzungusha kwa mkono, maunti ya Nikon F, na adapta isiyo na pini kwenye Nikon Z. Vitu vya karibu vinatoka vikali, lakini milima iliyo mbali haikai sawa hata nikizungusha pete mpaka mwisho.

Swali hili tumelifurahia, kwa kuwa jibu lake linapimika.

Kwenye maunti ya F, lenzi hukaa 46.5 mm kutoka kwenye sensa, sehemu ya kamera inayonasa picha. Kwenye Z umbali huo ni 16 mm. Adapta kazi yake ni kujaza pengo, yaani 30.5 mm kamili. Sasa chukua karatasi moja ya kawaida ya printa: unene wake ni takriban 0.1 mm. Adapta yako ikizidi kwa unene huo tu, lenzi ya 24 mm haitafika mbali zaidi ya mita 6 hivi. Lenzi ya 50 mm ingeishia kama mita 25, na ya 200 mm kama mita 400. Ndiyo maana mwenye lenzi ndefu anaweza kuisifu adapta ileile inayokutesa wewe.

Tafuta kalipa ya dijitali, pima unene wa adapta kutoka uso mmoja wa maunti hadi mwingine, sehemu nne kuizunguka. Zote zikizidi 30.5, fungua skrubu za pete ya maunti uangalie kama chini yake kuna vipande vyembamba vya bati vya kujazia. Ukitoa kimoja huenda umemaliza kazi. Zikitofautiana, adapta imeinama, na upande mmoja wa picha utakuwa na ukungu daima. Hiyo irudishe dukani. Adapta nyingi hutengenezwa nyembamba kidogo kwa makusudi, na kosa hilo halina madhara makubwa: mbali kabisa inapatikana kabla pete haijafika mwisho, ila namba za umbali zilizochorwa kwenye lenzi hazitasema kweli.

Ukiwa hapo hapo, mwambie kamera kwamba lenzi ni 24 mm kwenye menyu ya lenzi zisizo na chipu. Ikibaki imeandikwa 200 mm ya lenzi nyingine, kitulizaji cha sensa kitasogea kupita kiasi, na picha zitatikisika kuliko kama ungekizima.

Adapta ya FTZ, ya kufunga lenzi za F kwenye Nikon Z, ni ya Nikon yenyewe. Kwa nini basi lenzi yangu ya zamani ya AF-D haifanyi fokasi?

Lenzi za AF-D hazina mota. Zilizungushwa na bisibisi ndogo iliyokuwa ndani ya bodi, na FTZ haina bisibisi hiyo, wala FTZ II. Lenzi za AF-S na AF-P, zenye mota ndani yake, zinafanya kazi. Yako utaifokasi kwa mkono, na apecha itaendelea kuongozwa na kamera.

Kamera yangu ya Sony inapiga fremu 30 kwa sekunde, lakini kwa lenzi ya kampuni nyingine naambulia 15.

Si ubovu. Sony wameweka ukomo wa fremu 15 kwa sekunde kwa lenzi zisizo zao. Hakuna menyu ya kuuondoa. Kwa harusi na safari hutaona tofauti; mpiga picha za riadha alijue hili kabla ya kununua.

Nimesasisha programu ya kamera, lenzi imeacha kufokasi. Nirudi toleo la zamani?

Kamera nyingi hazikubali kurudi nyuma, hivyo mtafute mtengenezaji wa lenzi, si wa kamera. Kwanza soma toleo la programu ya lenzi kwenye menyu ya kamera, uliandike. Lenzi za Sigma za maunti ya EF na F husasishwa kwa USB Dock, kifaa cha kuunganisha lenzi na kompyuta, na za Tamron za kizazi cha DSLR (kamera zenye kioo ndani) kwa kifaa cha aina hiyo kiitwacho TAP-in Console. Nyingi za Tamron mpya zina tundu la USB-C ubavuni, na za Viltrox huwa nalo nyuma, kwenye maunti. Dock ni tofauti kwa kila maunti, ya EF haiingii kwenye lenzi ya F. Tumia kebo inayopitisha data, maana za kuchajia tu hazitaonekana kwenye kompyuta, na usiichomoe hadi programu ikuambie imemaliza. Baadaye toa betri ya kamera kwa dakika moja, irudishe, ujaribu tena.

Na siku nyingine sasisho la kamera likitoka, subiri mtengenezaji wa lenzi atangaze kwamba lenzi yako imepita. Hasa kama una kazi Jumamosi.